Mumu, Mbwa Aliyekataa Maziwa ya Bibi

Kila ninayempa “Mumu” ya Ivan Turgenev asome hurudi na swali lilelile: kwa nini hakutoroka na mbwa wake? Mimi mwenyewe nililiuliza nilipoisoma mara ya kwanza, kwa Kiingereza, nikiwa chuo. Nilikasirika, nikakifunga kitabu. Miaka kumi na kitu baadaye nimeirudia, na sasa nadhani kasoro iko kwenye swali letu, siyo kwenye hadithi.

Nitasimulia mpaka mwisho, kwa hiyo kama hupendi kuharibiwa utamu, kaisome kwanza. Ni ya saa moja tu.

Gerasim ni pande la mtu, kiziwi na bubu, mwenye nguvu za wanaume wanne. Ni mtwana, mali ya bibi mmoja mjane wa Moscow. Bibi anamtoa kijijini kwenye jembe lake, anampa ufagio na kumfanya mlinzi wa ua. Gerasim anampenda dobi wa nyumba, Tatyana. Bibi anamwoza Tatyana kwa fundi viatu mlevi. Siku wanandoa hao wanapohamishwa mjini, Gerasim anawasindikiza, na akiwa njiani kurudi anaokota kitoto cha mbwa kinachotapatapa kwenye matope ya mto. Anamwita kwa sauti pekee ambayo kinywa chake kinaweza kuitoa: Mumu. Sisi tunaosema “bubu” jina hilo hatuhitaji kufafanuliwa.

Watu wengi hukumbuka mto. Mimi nataka tukae kidogo sebuleni.

Bibi yuko dirishani na siku hiyo amechangamka. Watumishi wanaiogopa furaha yake, maana lazima kila uso ucheke naye papo hapo, na haikawii kugeuka uchungu. Anamwona Mumu chini ya mawaridi akiguguna mfupa. Anaamuru aletwe. Sahani ya maziwa inawekwa sakafuni. Mumu hata hainusi. Anajibanza ukutani, anatetemeka, anatafuta pa kutokea. Bibi anapomnyooshea mkono kumpapasa, anamtolea meno.

Basi, hapo ndipo hukumu ya kifo inapoandikwa, ingawa baadaye kisingizio kitakuwa eti mbwa anabweka usiku na kumnyima bibi usingizi. Angalia ni nani mwingine katika nyumba ile amewahi kumkatalia bibi kitu. Mlevi anakubali kuozwa. Tatyana anakubali. Msimamizi Gavrila anaona upuuzi wa kila amri na anatekeleza zote. Hata Gerasim, jitu lile, alipotaka kuoa alikuwa anangoja kaftani mpya ili aende akiwa nadhifu kuomba ruhusa. Anayesema “hapana” ni mbwa peke yake. Kwetu kumwita mtu mbwa ni kumwambia anajipendekeza, anafuata mkono wenye mfupa. Mumu mkono wenye maziwa anautolea meno.

Tena ni mkaidi hasa. Anaibwa, anauzwa sokoni, na mnunuzi anaambiwa amfunge kwa wiki nzima. Usiku wa siku ya pili Gerasim anahisi kitu kinamvuta nguo: ni yeye, na kipande cha kamba kinaning’inia shingoni. Turgenev hasimulii alivyoitafuna wala njia aliyopita. Ile kamba inatosha.

Sasa nirudi kwenye swali. Niliwahi kumhoji dada mmoja wa kazi za ndani hapa Dar es Salaam, aliyekaa nyumba moja miaka mingi akilipwa kwa kubahatisha. Nikamuuliza, kwa ile sauti yetu ya kiandishi, kwa nini hukuondoka? Akanitazama kama anayemtazama mtoto. “Kaka, ningeenda wapi?” Sikuwa na swali la pili. Mtwana wa Urusi aliyetoroka alisakwa na kurudishwa kwa sheria, na huyu ni jitu lisilosikia wala kusema, lenye mbwa anayejulikana. Tunapomtaka akimbie tunamtaka awe na uhuru wetu sisi, kisha tunamlaumu kwa kutokuwa nao.

Alichoweza kukataa ni kimoja: mikono ya wengine isimguse. Anajipiga kifua, yaani nitafanya mwenyewe. Anavaa kaftani ya sikukuu, nguo ya aina ileile aliyokuwa akiingojea kwa ajili ya kuoa, anampeleka Mumu mkahawani, anamkatia nyama kwenye supu ya kabeji. Halafu mashua, matofali mawili, kamba. Mumu anamtazama kwa imani, anatikisa mkia. Gerasim hasikii kilio wala maji.

Nina malalamiko. Yale machozi mawili mkahawani, moja likidondokea paji la mbwa na jingine kwenye supu, ni ya kupimwa mno. Ukurasa ule haukuyahitaji. Na bibi ni katili wa moja kwa moja, hana hata dakika moja ya kutushangaza. Pengine mwandishi alikuwa karibu mno. Inajulikana kwamba aliyemchora ni mama yake mzazi, na hadithi aliiandika mwaka 1852 akiwa kizuizini St Petersburg kwa sababu ya tanzia yake ya Gogol. Ilichapishwa 1854, miaka 7 kabla ya utwana kufutwa.

Gerasim naye alikuwepo kweli: mtumishi bubu wa mama huyo, kwa jina Andrei. Alimzamisha mbwa wake kwa amri, na akabaki kumtumikia bibi yake kwa uaminifu. Hapo ndipo Turgenev alipoubadilisha ukweli, na mabadiliko hayo ndiyo hadithi yenyewe. Gerasim wake anarudi chumbani, anafunga mzigo, anatoka usiku huohuo bila kumuaga mtu, na kutembea siku mbili hadi kijijini. Hakuomba ruhusa. Njia ya kurudi nyumbani bila idhini ya aliyekufunga alikuwa ameshaonyeshwa, na aliyekuja na kamba shingoni.

Kwa hiyo ukiisoma usiishie mtoni kama nilivyofanya mimi. Endelea mpaka anapofika kijijini, msimu wa kukata majani umeanza, na wanampa fyekeo. Wakulima wanasimama wakitazama upana wa mapigo yake. Mbwa hafugi tena.