Pale Shavu Linapoishia

Wiki mbili zilizopita nilialikwa chakula cha jioni Msasani, na kabla hata pilau haijaletwa nikaburutwa hadi kwenye ukuta wa sebuleni. "Malevich huyo," mwenyeji akasema, "wa mwanzo, kabla hajaingia mambo ya miraba." Mwanamke wa shambani, mikono kama mabomba, sketi kama bati lililokunjwa. Hakusema ni nakala. Alisema tu kwamba aliipata kwa bei ya kirafiki. Mgeni mmoja anayejiita mshauri wa sanaa akasogeza miwani puani, akatoa hukumu: "Ona mistari ilivyonyooka. Huo ni mkono wa fundi."

Nilimeza sambusa nzima ili nisijibu. Mistari ilinyooka kweli, kwa sababu ilipigwa kwa utepe wa gundi, ule ule wanaobandika mafundi rangi ili rangi ya ukuta isipande kwenye dari.

Nimesikia sifa za aina hii miaka thelathini sasa. Mtu akisimama mbele ya picha za watu alizochora Kazimir Malevich kabla ya 1915, anatazama sura kwanza, kisha rangi, kisha saini. Saini! Ni kama kununua embe kwa kusoma jina kwenye kikapu. Wenye haraka zaidi huzipita kabisa picha hizo na kukimbilia picha yake ya Mraba Mweusi, eti huko ndiko sanaa dhahania ilikoanzia na hizi nyingine zilikuwa mazoezi. Mtu wa namna hiyo hata Mraba wenyewe hajauona.

Malevich alizaliwa 1879 karibu na Kyiv. Baba yake alikuwa mtu wa viwanda vya sukari, kwa hiyo utoto wake aliupitisha kwenye vijiji vya wakulima wa viazisukari, na alipokuwa kijana alichora ramani katika ofisi ya reli ya Kursk kabla ya kuhamia Moscow. Nayataja haya kwa sababu moja tu: alikuwa ameona migongo iliyopinda kwa kazi. Mtazame yule Mwogaji wa 1911, aliyechorwa kwa guashi, ile rangi nzito ya maji, nyayo kubwa kupita kiasi, mikono kama makasia. Au wale wang'arisha sakafu, pia wa guashi, wanaosukuma ubao kwa miguu huku miili yao imelala upande. Wote wako kwenye jumba la makumbusho la Stedelijk, Amsterdam. Anayesema nyayo zile zimekosewa hajawahi kusimama kutwa nzima kwenye kazi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Tazama ukingo, pale shavu linapoishia na hewa inapoanza, au pale mkono wa shati unapokutana na kiuno cha mtu wa pili. Mtazamaji asiyefunzwa huutazama uso kwa dakika tano na ukingo haupi hata sekunde moja, ilhali uso unaweza kunakiliwa na mtu yeyote mwenye subira.

Nilifundishwa hili Leningrad. Novemba 1988, Jumba la Makumbusho la Urusi lilifungua maonyesho makubwa ya Malevich, na kazi zilizokuwa zimefichwa ghalani miaka mingi zikatundikwa hadharani. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nimevaa koti la kuazima kwa Mganda mmoja mrefu, mikono inafunika vidole. Tulipanga foleni kwenye theluji, na hakuna aliyelalamika. Mwalimu wetu wa uhifadhi wa picha, bibi mfupi mwenye kikohozi, alikuwa na kadi ngumu aliyoitoboa tundu la ukubwa wa kiberiti. Alifunga jicho moja, akainyanyua kadi mpaka picha nzima ikapotea na kubaki kipande cha sikio na taya. "Nani amechora hiki?" anauliza. Ukijibu kwa kutaja mavazi au rangi ya nyuma anakurudisha mwisho wa mstari. Nilirudishwa mara nne.

Kwa tundu lile nilijifunza kuitazama picha ya wavunaji ya 1912. Miili yao imekuwa mapipa na mabomba, inameremeta kama madini. Lakini tafuta mstari unaotenganisha bomba na bomba; haupo. Kilichopo ni mwanga wa umbo moja unaosimama kwenye giza la jirani yake. Bega linang'aa linapofika mwisho, na hapo hapo mgongo wa pili unaanza kwa kivuli. Kila umbo linamshika mwenzake lisianguke. Mkono unaopaka hivyo lazima ujue, kabla brashi haijagusa turubai, rangi itakolea wapi na itafifia wapi. Na kwa kuwa ni mkono wa mtu, ukingo hauwi sawa mwanzo hadi mwisho: hapa rangi imejikusanya kama tuta, pale imelala, mahali pengine imetetereka kidogo kisha ikajirudi.

Utepe wa gundi hautetereki. Unaacha ngazi moja, kimo kimoja, toka juu hadi chini. Tena mwenye utepe hupaka kila umbo peke yake, akamaliza, akasubiri likauke, akahamia jingine. Matokeo yake mwanamke wa Msasani alikuwa vipande kumi na saba (nilivihesabu wakati wa sala ya chakula), na hakuna kipande kilichomjua mwenzake. Wanaonunua picha za Tingatinga kwa macho pale Morogoro Stores wananielewa: chui aliyekaa kwenye rangi ya nyuma yake na chui aliyebandikwa juu yake hawafanani hata kidogo.

Siri ya ukingo ndiyo inayokupeleka kwenye Mraba. Mwaka 1913 Malevich alipasua uso wa rafiki yake Ivan Kliun kwa nyuso za bapa, na mwaka huo huo akamfanyia vivyo hivyo mwanamuziki Mikhail Matyushin. Desemba 1915, kwenye maonyesho ya Petrograd, akatundika Mraba Mweusi juu kabisa ya kona, mahali ambapo nyumba za Warusi huweka ikona. Una sentimita 79.5 kila upande, na hauna upande hata mmoja ulionyooka sawasawa na fremu. Ukingo wake ulipakwa kwa mkono. Mwaka 2015 wataalamu wa jumba la sanaa la Tretyakov, Moscow, walitangaza kwamba chini yake kuna picha nyingine za rangi. Mimi sikushangaa. Ukingo ule unatembea kama wa mtu aliyekwisha kuchora mabega mengi.

Upande wa matapeli, nitaanza na Malevich mwenyewe. Mwaka 1927 alizipeleka kazi zake Warsaw na Berlin, akaitwa nyumbani ghafla, akaziacha huko, na hakuziona tena. Miaka miwili baadaye Tretyakov ikamwandalia maonyesho ya peke yake, naye hana picha za ujana za kutosha. Akachora ujana upya, akaandika tarehe za zamani. Yule Msichana Muuza Maua ana 1903 kwenye turubai. Leo watafiti wanamweka mwishoni mwa miaka ya 1920. Watu walidanganyika kwa miaka mingi kwa sababu walisoma tarehe. Chukua kadi yenye tundu. Mwanafunzi anayejaribu uimpreshonisti hujificha kwenye ukungu: ukingo wake unayeyuka kwa sababu anauogopa. Hapa madoa ya brashi ni ya mwanafunzi, lakini mwili umefungwa, umetulia, umekatwa kutoka barabara iliyo nyuma yake. Mkono uliokwisha kupaka Mraba ulishindwa kujisahaulisha. Kwangu huo ni utapeli wa daraja la juu, na nimemsamehe.

Wale wengine siwasamehi. Mwaka 2017 jumba la sanaa la Ghent, Ubelgiji, lilitundika kazi zaidi ya 20 kutoka mkusanyo binafsi, zikapewa majina makubwa ya Urusi, Malevich akiwemo. Palikuwa na sanduku na kijiti cha kusokotea uzi, eti navyo vimepambwa na yeye. Januari 2018 wataalamu wakaandika barua ya wazi kuzitilia shaka, na mwisho wa mwezi zikaondolewa. Nilichojiuliza ni wangapi walizipita siku ya ufunguzi, glasi mkononi, wakisifu rangi.

Nina kanuni nyingine na sitazitetea. Picha ya uso yenye macho mawili yaliyolingana ni dhaifu. Guashi ni kipimo kikali kuliko rangi ya mafuta. Kijani kwenye kivuli cha uso, kama kwenye zile picha ndogo alizojichora karibu na 1910, kinaruhusiwa kwa aliyekipata kwa jasho tu. Vanishi inayong'aa ni dalili ya mtu mwenye jambo la kuficha. Na picha iliyoonwa kwenye simu haijaonwa. Kwenye simu kila ukingo ni mkali na kila mchoraji ni hodari. Zamani tulikuwa na katalogi za rangi nyeusi na nyeupe, zimechapwa vibaya, na bado tuliona zaidi.

Wakati wa kuaga, mwenyeji alinishika mkono mlangoni. "Mzee, wewe umesoma Urusi. Hebu niambie ukweli, ile picha unaionaje?"

Nikamwambia fremu ni nzuri sana. Mninga, tena uliokauka vizuri, na pembe zake zimekutana.