Mchezo Si wa Watoto Peke Yao

Neno letu mchezo hubeba mengi: kombolela ya watoto uani, bao la wazee barazani, na maigizo ya jukwaani. Wahakiki, kwa kutafuta heshima ya kitaaluma, tumelipendelea neno tamthilia. Istilahi hiyo ina haki yake, ila imetuzoesha kuyaona maigizo kama maandishi ya kusomwa na watu wazima, na mchezo kama jambo la kitoto.

Jiji la Stockholm linatupa sababu ya kulitafakari upya suala hili. Mwaka 1975 Suzanne Osten aliasisi kundi la Unga Klara, na mwaka huohuo, pamoja na Per Lysander, akatunga Medeas barn, yaani Watoto wa Medea. Euripides alimweka Medea kitovuni. Wao waliwaweka watoto wanaoshuhudia wazazi wakitengana, na wakawaigizia watoto. Hoja yao ni nzito: tanzia haimsubiri mtu akue, kwani mtoto huishi katika nyumba ileile inayobomoka. Mwaka 2006 Osten alikwenda mbali zaidi kwa Babydrama, mchezo wa watoto wa miezi 6 hadi 12.

Hata hivyo, katika michezo hiyo wanaoigiza ni watu wazima waliobobea. Hapa jadi yetu ina la kuongeza. Fanani asemapo "Paukwa", hadithi haianzi mpaka hadhira iitike "Pakawa", na bibi na mjukuu huitika pamoja. Mradi wa Tuseme, ulioanzishwa mwaka 1996 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliupeleka mwitikio huo shuleni: wasichana wa sekondari waliigiza wenyewe matatizo yao na kuyajadili hadharani.

Ughaibuni jambo hili lina uzito wa pekee. Watoto wengi huelewa Kiswahili cha wazazi wao lakini hujibu kwa Kiswidi. Kuwapa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein waichambue dhamira na wahusika, kama tulivyofanya kwa ajili ya mitihani, ni kuwapa mzigo. Wakiiigiza pamoja na wazazi na babu zao, watalazimika kubishana, kushawishi na kukana kwa Kiswahili. Lugha hudumu kwa anayeihitaji kujibu, na mchezo humpa kila rika zamu ya kujibu.