Nahodha Anapochagua Mwamba

Mgeni akishuka Unguja kwa mapumziko ya wiki moja, swali lake la kwanza kuhusu bahari huwa ni wapi. Wapi kuna mwamba mzuri wa kuogelea kwa miwani na mrija, uso ndani ya maji, samaki wakipita chini ya kifua? Atatajiwa Mnemba, Chumbe, Changuu, Kizimkazi, pengine na mafungu ya mchanga ya Ghuba ya Menai. Yote ni majibu ya kweli. Ila mpeleke mgeni huyo kwa nahodha mzoefu wa Matemwe, kisha umsikilize nahodha anauliza nini. Atauliza leo mwezi ngapi. Atauliza kama mgeni anajua kuogelea au anajua kuelea tu. Upepo hatauulizia, maana ameusikia shavuni tangu alfajiri. Jina la mahali litakuja mwisho kabisa, na huenda lisiwe lile mgeni alilokuja nalo. Maarifa hayo ya kuchagua ndiyo ninayotaka kuyasifu. Tunayaona pwani kila siku, na bado hatuyahesabu kuwa ni fani, ilhali fundi wa milango na fundi wa majahazi tunawapa heshima yao.

Tuanze na mwezi. Maji ya Unguja hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvu, na siku moja mbili baadaye tofauti kati ya maji makubwa na maji madogo hukaribia mita 4. Katikati ya vipindi hivyo, mnamo mwezi nane na mwezi ishirini na mbili, huja maji mafu, na tofauti hiyo hupungua sana. Mpaka hapo ni elimu ya kila mtoto wa pwani. Kinachonistaajabisha ni jinsi nahodha anavyoigeuza elimu hiyo kuwa ratiba ya mtu mwingine. Kwa Unguja, siku za bamvu maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Wanawake wa Paje na Jambiani wanaolima mwani wanaijua saa hiyo kuliko sote, kwa kuwa ndiyo saa yao ya kazi, bahari ikiwa imejitoa hadi karibu na mwamba wa nje. Mgeni aliyeambiwa awe tayari saa tatu anafika baharini wakati huohuo. Ndani ya mwamba maji yanamfika magotini, na kila akipiga miguu anakwaruza tumbawe. Siku za maji mafu mambo yanageuka: saa nne ileile maji yamejaa, mkondo umelegea, na hata mtu anayeivaa miwani kwa mara ya kwanza anaelea juu ya mwamba bila kusukumwa huku na kule. Mahali ni palepale na saa ni ileile, lakini wiki moja pana adha, na wiki inayofuata mtu hataki kutoka majini.

Halafu kuna usafi wa maji, ambao kwa mwenye miwani ni nusu ya shughuli. Maji yanapokupwa hutoka na kila yalichokichota pwani: mchanga mwembamba, majani yaliyooza, tope la mikokoni. Yote hayo humiminika kupitia mlango wa mwamba, na aliyeshuka karibu na mlango huo haoni zaidi ya mkono wake. Maji yanapojaa, yanayoingia ni maji ya bahari kuu, baridi kidogo na meupe. Kwa hiyo nahodha anayejali hulenga saa ya mwisho ya kujaa, ili watu wake wawe juu ya mwamba wakati maji safi yanapomalizia kuingia na wapate pia dakika chache za maji kusimama. Akiweza, ataioanisha saa hiyo na jua la kati ya saa nne na saa nane, maana mwanga ukiingia kwa mshazari rangi hazionekani. Wekundu ndio wa kwanza kumezwa na maji, na katika kina cha mita chache tu unakuwa umefifia. Ndiyo sababu mwenye mrija, anayebaki juu juu, mara nyingi huona rangi nyingi kuliko mzamiaji mwenye mtungi aliye chini sana. Hana haja ya kujiona amepunjwa.

Upepo nao una kauli yake. Kaskazi hupiga tangu Desemba hadi Machi, kusi hushika miezi ya katikati ya mwaka, na baina yao huja matlai, kwenye Oktoba na Novemba, bahari ikalainika na maji yakang'aa. Kanuni ni nyepesi kuisema: jifiche upande ambao kisiwa chenyewe kinakukinga. Wakati wa kaskazi, Kizimkazi na Menai, zilizo kusini magharibi, hutulia. Wakati wa kusi, mwambao wote wa mashariki hupigwa mawimbi, na mtu hupata nafuu upande wa Kendwa. Kuitumia ndiko kugumu, kwa sababu upepo wa asubuhi haulingani na wa mchana, na upepo ukigongana na mkondo unaokuja mbele yake huzuka mawimbi mafupi makali, yanayoujaza mrija wa mgeni maji ya chumvi kabla hajamuona hata samaki mmoja.

Nimepata kusafiri na nahodha mmoja wa Matemwe, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi. Tulipolikaribia boya alizima mashine mapema, mashua ikajiendea yenyewe. Abiria walikuwa wameshavaa miwani, mmoja ameshaweka mguu nje. Nahodha alikuwa akilitazama boya. Upande mmoja maji yalitulia, na upande wa pili yaliacha mkia mdogo wa povu, urefu wa kiganja tu. Kijana wake alitaka kufunga kamba. "Bado, mwanangu," akamwambia. Tukakaa. Alitazama rangi za maji, akatuonesha bila kunyoosha kidole, kwa kidevu tu: pale kijani hafifu ni mchanga, pale kahawia yenye madoa ni mwamba, ile kahawia iliyosawazika ni majani ya bahari ambako kasa hujilisha, na buluu nzito kule ni ukingo unapozama. Mkia wa boya ulipopotea alituhamisha kabisa, akatupeleka juu mkondo unakotoka, akatushusha kwenye mpaka wa kahawia na buluu. Yeye akarudi na mashua chini, kutungojea mbele. Hatukuogelea kwa nguvu hata kidogo. Mabaki ya mkondo yalitubeba taratibu ukingoni, mwamba upande wa kushoto, kilindi upande wa kulia, na tulipoanza kuchoka, ngazi ya mashua ilikuwa mbele yetu. Mama mmoja aliyekuwa na hofu wakati wa kupanda ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka.

Hapo kuna jambo ambalo haliandikwi popote. Kuna manahodha wengi wanaoujua mwamba. Huyu aliujua pia mwili wa mgeni: unachoka baada ya muda gani, unaogopa nini, na kwamba mtu anayehangaika na mkondo hatazami chochote.

Kuchagua mwamba ni pamoja na kuujua uhai wake. Wageni wengi huja wakitegemea matumbawe mekundu na ya zambarau kila upande, kisha wanavunjika moyo wakiona kahawia na kijani. Kahawia hiyo ndiyo siha. Ndani ya tumbawe huishi mimea midogo sana inayolilisha kwa nguvu ya jua, na rangi ni ya mimea hiyo. Maji yakipata joto kupita kiasi tumbawe huifukuza, likabaki jeupe linalong'aa, zuri kwa picha, nalo liko hatarini kufa. Mwaka 1998, joto la El Niño lilipopauza na kuua matumbawe mengi magharibi ya Bahari ya Hindi, manahodha wa Unguja, Pemba na Mafia walilazimika kuifuta ramani waliyokuwa nayo kichwani na kuichora upya. Matumbawe ya matawi hupona upesi zaidi, maana yanaweza kukua sentimita 10 au zaidi kwa mwaka. Yale makubwa ya mviringo hukua kama sentimita moja tu. Ukielea juu ya moja lenye ukubwa wa chumba, ujue lilikuwapo kabla ya babu wa babu yako.

Tumbawe la jamii hiyohiyo ndilo wazee wetu walilolikata likiwa bichi chini ya bahari, wakalichonga likiwa bado laini, likaja kuwa gumu hewani. Kizimkazi Dimbani, katika kibla cha msikiti, yapo maandishi ya Kikufi yaliyochongwa namna hiyo, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Kila asubuhi wageni hupita hapo wakikimbilia mashua za pomboo. Natamani wangesimama kwanza, wakauona mwamba ulivyosomwa na mikono miaka zaidi ya 900 iliyopita, kisha ndipo waende baharini. Na huko baharini ningependa pomboo waachwe wapite. Mashua kumi zikilifukuza kundi moja, hapana anayeona kitu isipokuwa mapovu ya mashine.

Dalili nyingine ya mwamba mzima huja kwa masikio. Zamisha kichwa, shusha pumzi polepole, usikilize. Pono wakiwapo utasikia kra, kra, kra, mdomo wao mgumu kama wa kasuku ukikwangua mwamba. Wanachokitafuta ni ukoga wa kijani, ambao ukiachwa huyafunika matumbawe machanga. Mawe wanayoyameza hutoka kwao yakiwa mchanga, na sehemu ya ule mweupe ambao mgeni ameulalia ufukweni imepita matumboni mwao. Mwamba usio na sauti hiyo mara nyingi umevuliwa kupita kiasi, hata kama juu yake wamebaki vitatange wazuri wa kupiga picha.

Kwa mizani hiyo, nikilazimishwa kutaja mahali pamoja Unguja, nitataja Chumbe. Ni kisiwa kidogo kusini ya mji, chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Mwamba wake wa magharibi ulifungwa rasmi kwa uvuvi mwaka 1994, na miongoni mwa walioanza kuulinda walikuwa wavuvi. Hapo mitungi ya kuzamia hairuhusiwi. Ni miwani na mrija tu, nao mwamba una aina zipatazo 200 za matumbawe na zaidi ya 400 za samaki. Unakaribiana sana na uso wa maji, kwa hiyo hata anayeelea tu hakosi kitu. Mnemba nako kuna maji maangavu zaidi na mshuko mzuri wa ukingo, lakini katika msimu mashua husongamana hadi mtu anatazama miguu ya watu. Ukienda, nenda mapema sana au mchana wenzako wakirudi, alimradi mwezi unakubali.

Pemba ni habari nyingine. Kisiwa hicho kimetengwa na bara kwa kilindi kirefu, mwamba unaporomoka ghafla karibu na pwani, na maji yake ni ya bahari kuu. Misali, kisiwa kidogo ng'ambo ya Wesha, ilitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1998, na masheikh walishirikiana na wavuvi kuitetea kwa mafundisho ya Qur'ani kuhusu amana ya binadamu juu ya viumbe. Lakini milango ya Pemba ina mikondo ya kuogofya, na nisingemshusha huko mtu asiyeogelea sawasawa. Mafia, hifadhi ya kwanza ya bahari Tanzania tangu mwaka 1995, inatoa yote mawili: ndani ya Ghuba ya Chole pana utulivu, na Kinasi, mlangoni, siku za bamvu maji hukimbia kama mto. Huko tofauti ya siku njema na siku ya hatari ni mwezi na nahodha, basi.

Inanisikitisha kwamba bei ya safari hizi huhesabiwa kwa mafuta, chakula, miwani na idadi ya vichwa. Ujuzi hauna fungu lake. Anayejua saa na asiyejua wanalipwa sawa, na huyu asiyejua hupata zaidi kwa kuwa hakatai safari. Siku moja huko Kizimkazi nahodha alizirudisha fedha za familia nzima. Ilikuwa mwezi kumi na sita, kusi imeanza kukaza, nao walitaka kwenda nje saa nne na watoto wawili. Baba yao alikasirika, akasema mashua ya jirani inaondoka. Nahodha akamjibu kwa upole kwamba anayetaka kuondoka na jirani na aende kwa salama, ila yeye kesho kutwa atakuwa tayari saa saba na nusu mchana, watoto wakishapumzika, maji yakianza kujaa na kusafika, na atawapeleka nyuma ya kisiwa ambako kusi haifiki. Walimngoja. Niliwaona wakirudi alasiri hiyo, watoto wakimsimulia mama yao habari za pweza aliyebadilika rangi mara tatu mbele ya macho yao, na baba akimuuliza nahodha, safari hii kwa adabu, wiki ijayo mwezi utakuwa ngapi.