Apophis 2029: nafasi ya Kigali katika kupima mzunguko wa asteroidi

Kwenye darubini ya kawaida, asteroidi ni nukta ya nuru tu, haina sura wala umbo. Hata hivyo, kufikia mwaka 2003 wanaastronomia walikuwa wameshajua kwamba asteroidi Didymos hujizungusha mara moja kila baada ya saa mbili na robo hivi, na kwamba ina mwenzake mdogo, Dimorphos. Ushahidi mkuu ulikuwa mwangaza wenyewe: mwamba ukigeuza ubavu mpana huakisi jua zaidi, ukigeuza ncha hufifia, na mwenzake akipita mbele au nyuma yake nuru hushuka kwa muda. Mishuko hiyo, ikihesabiwa dakika kwa dakika, ndiyo iliyoonyesha kwamba chombo cha anga cha DART, kilipoigonga Dimorphos usiku wa kuamkia tarehe 27 Septemba 2022 kwa saa za Kigali, kiliufupisha muda wake wa kuizunguka Didymos kutoka saa 11 na dakika 55 hadi saa 11 na dakika 22 hivi. Miongoni mwa walionasa mgongano huo walikuwamo watazamaji wa Nairobi na kisiwa cha Réunion, kwa darubini zenye kipenyo cha sentimita 11 hivi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaodai kwamba Kigali haina la kuchangia mpaka ijengewe kituo kikubwa mlimani. Taa za mji humeza asteroidi hafifu, hilo ni kweli. Lakini iliyo angavu hupimwa kwa kulinganishwa na nyota zilizomo katika picha ileile, na ukungu ukipunguza nuru ya moja hupunguza ya zote. Pingamizi lenye uzito ni la hesabu. Mwamba mrefu una mbavu mbili, hivyo grafu ya mwangaza wake hupanda mara mbili katika mzunguko mmoja, na asiyezingatia hilo atapata nusu ya muda halisi. Tena mwamba unaojizungusha kwa saa 24 utamwonyesha mpimaji wa mji mmoja uso uleule kila usiku.

Tarehe 13 Aprili 2029 asteroidi Apophis itapita kilomita 32,000 hivi kutoka uso wa dunia, na Afrika itaweza kuiona kwa macho matupu. Mwangaza wake hupanda na kushuka kwa mpigo wa takriban saa 30, mrefu kuliko usiku wowote wa Kigali; isitoshe, inayumba inapojizungusha, na mvutano wa dunia unatarajiwa kuubadilisha mwendo huo. Aprili ni masika, na mawingu yanaweza kuziba anga usiku kucha. Lakini wingu lililoifunika Kigali si lazima liifunike Réunion, na vipande vya grafu kutoka vituo mbalimbali, kila picha ikiwa na muda wake sahihi hadi sekunde, huunganishwa vikawa mstari mmoja.