Dosiye Ikivuka Mlango

Imeniudhi, wala sioni sababu ya kuificha ghadhabu yangu, kuwasikia watu wazima wa Gitaza na Rumonge, hapa Burundi, wakiisifu kupita kiasi filamu ya polisi na mahakama ambamo hakimu wa Kiingereza, mwenye wigi lake kichwani, anagonga meza kwa nyundo, ilhali mahakama za Uingereza hazina kabisa desturi hiyo.

Mchezo wa aina hii una nusu mbili, ya wapelelezi na ya waendesha mashtaka, na aghlabu mtazamaji asiye na maarifa huzisifu nusu hizo asiutazame mlango uliopo baina yao, ambao ushahidi hauna budi kuupita kabla ya kuwa hoja. Itazame mikono. Nani aliyekiokota kisu, alikifunga kwa kitu gani, aliandika nini juu yake, akamkabidhi nani? Kwetu OPJ, yaani afisa wa polisi mpelelezi, huandika PV (hati rasmi ya mahojiano), mshitakiwa akatia saini au dole gumba, kisha dosiye, yaani jalada la kesi, ikapelekwa parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. Na mzee mmoja aliyekuwa karani wa mahakama katika pwani yetu, aliyeyapitisha mikononi mwake makaratasi ya namna hiyo maisha yake yote, hakuusikiliza mchezo wowote kabla hajaona kama mwigizaji ameifungua karatasi hadi chini, mahali pa saini. Kinyume chake ni kikundi kilichotuletea mchezo Minago: mpelelezi akaokota kisu kwa mkono mtupu, akakitia mfukoni, na katika onyesho lililofuata kisu kile kile kikang'aa mbele ya hakimu, umati ukashangilia. Ule ulikuwa udanganyifu mtupu.

Law & Order: UK, tamthilia iliyoonyeshwa na televisheni ya ITV ya Uingereza kuanzia 2009 hadi 2014, iliujua mlango huo. Asili yake ni mchezo wa Marekani wa mwaka 1990, na visa vyake vingi vilitoka huko. Lakini waandishi, wakiongozwa mwanzoni na Chris Chibnall, walilazimika kuvihamishia London, chini ya sheria ya mwaka 1984 inayoagiza kukataliwa kwa ungamo lililopatikana kwa mateso au shuruti. Kwa hiyo Ronnie Brooks wa Bradley Walsh akileta ungamo, haitoshi kulijua jina la muuaji. Yapasa ijulikane pia neno lile limepatikanaje.

Fauka ya hayo, muziki usisikike mahakamani kamwe, na mpelelezi afyatuaye bastola zaidi ya mara moja hafai kitu. Mwendesha mashtaka asiyeshindwa hata kesi moja ni wa kuogopwa, si wa kupendwa.

Zamani kazi hii iliheshimiwa. Hata tamthilia ya Vioja Mahakamani ya Kenya, iliyokusudiwa kuchekesha, ilimsimamisha mwigizaji Gibson Mbugua akasoma shtaka kwa taadhima kamili, na kicheko kikapata nguvu kwa sababu hiyo hiyo. Nasi tulikuwa na tamthilia ya redio Umubanyi Niwe Muryango ya Marie-Louise Sibazuri, iliyoanza kusikika mwaka 1997 kutoka Studio Ijambo. Haikuwa hadithi ya polisi, lakini kila neno la jirani lilikuwa na msemaji wake na msikiaji wake, jambo ambalo waandishi wa leo wameliacha.

Nami mchezo ambao parke haimrudishii OPJ dosiye yake walau mara moja, ili akaikamilishe, sikai nao hadi mwisho.