Seti haikufa, ilinyimwa moduleta

Sina ugomvi na kuzimwa kwa matangazo ya runinga ya analojia nchini Kenya. Ugomvi wangu ni na uamuzi mmoja tu, nao ulikuwa mbovu tangu siku ya kwanza: kuruhusu ving'amuzi visivyo na moduleta ya RF viingie sokoni, huku mwananchi akihakikishiwa kwamba runinga yake ya zamani itaendelea kuwaka bora anunue king'amuzi.

Mnazikumbuka seti zilizokuwa zikitazamwa Migori na Homa Bay wakati huo. Great Wall nyeusi-na-nyeupe, betri ya gari ya volti 12 chini ya meza, na nyuma ya seti tundu moja tu, la antena. AV hakuna, HDMI ndiyo usiseme. Mwaka 2015 mwenye seti hiyo anakwenda Rongo au Oyugis, analipa, anarudi na king'amuzi chenye AV, HDMI na matundu mawili ya antena, la kuingia na la kutoka. Hilo la kutoka ndilo lililowahadaa wengi. Kwa ving'amuzi vingi linapitisha tu mawimbi yaleyale ya dijitali (DVB-T2) yaliyoingia. Anachomeka waya, anazungusha kitufe cha chaneli kutoka mwanzo hadi mwisho, anaambulia chenga. Akirudi dukani anaambiwa seti imekufa, anunue ya kisasa.

Seti ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni moduleta, yaani saketi ndogo ya kuchukua picha na sauti na kuzigeuza kuwa chaneli ya kawaida ya analojia, tuseme UHF 36, ambayo Great Wall ingeinasa kama ilivyonasa KBC miaka yote. Wala si siri ya maabara. Marekani ilipozima analojia tarehe 12 Juni 2009, ving'amuzi vilivyogharimiwa na kuponi ya serikali ya dola 40 vililazimishwa kwa maandishi kuwa na tundu la RF la chaneli 3 au 4. Miaka mitano na zaidi kabla ya zamu yetu, sharti lilikuwa limeshaandikwa na mtu mwingine. Kazi ilikuwa kulinakili tu.

Waliookoa jahazi ni mafundi. Mwenye akili alitafuta deki ya VHS iliyotupwa, akaingiza AV ya king'amuzi, akatoa RF upande wa pili, seti ikafufuka. Mwingine aliagiza moduleta ya Kichina, na hapo ndipo fundi wa kweli alipojulikana. Kenya ilitumia mfumo wa PAL B/G, ambayo sauti yake hukaa MHz 5.5 juu ya picha. Moduleta ikiwa imewekwa kwenye mfumo wa D/K, sauti inakwenda MHz 6.5: unaona mdomo wa mtangazaji ukicheza na husikii neno. Fundi asiyejua alibadilisha spika. Anayejua alisogeza kiswichi kimoja.

Katika kuhama, wahandisi wa zamani walituzidi. Walter Bruch wa Telefunken alipobuni PAL mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliifuata kanuni kwamba rangi ipandishwe juu ya picha ya zamani bila kuivuruga. Ndiyo maana rangi ilipoingia kwetu, seti nyeusi-na-nyeupe haikuhitaji hata bisibisi. Huo ndio uhamaji wenye adabu.

Sisi tulianza kwa kujikwaa. Rais Kibaki alizindua matangazo ya dijitali tarehe 9 Desemba 2009 kwa kiwango cha DVB-T, wakati kiwango kipya cha DVB-T2 kilikuwa kimeshachapishwa Septemba mwaka huohuo, na Uingereza ilianza kukitumia Desemba hiyohiyo. Baadaye tukahamia T2, na waliowahi kununua wakabaki na vyombo vya kupamba kabati. Halafu Februari 2015 ikaja vita ya vituo vya Citizen, KTN, NTV na QTV, skrini zikawa giza kwa siku 19, na kila mtu akabishana kuhusu nani arushe mawimbi. Kuhusu tundu la nyuma ya seti, kimya.

Kwa haki, si kila kitu kiliharibika: kubana picha kwa MPEG-4 tangu mwanzo ulikuwa uamuzi mzuri, na kuzima kwa awamu pia.

Na asiseme mtu kwamba tarehe ya mwisho ilitubana tukakosa nafasi ya kuandika sharti la moduleta. Juni 17, 2015 ya mkataba wa Geneva wa 2006 ilihusu ulinzi dhidi ya mwingiliano wa mawimbi mipakani. Haikumwamuru mtu azime mtambo. Muda wa kuandika sharti la mstari mmoja ulikuwepo.

Kama bado unayo seti ya tundu moja, nunua moduleta yenye kiswichi cha B/G, na uijaribu dukani kabla ya kulipa. Fundi akitaka kuifungua seti aunge waya wa video ndani kwa ndani, muulize kwanza kama ina transfoma. Kama haina, chasisi yake inaweza kuwa na umeme wa stima moja kwa moja, na ukigusa king'amuzi umeugusa umeme huo. Mkatalie.