Tunawaua Upesi Mno

Leo nina ugomvi na waandishi wenzangu, na wa kwanza kugombezwa ni mimi mwenyewe.

Miaka michache iliyopita niliandika hadithi fupi kuhusu mwanamke wa kijijini mwenye kansa ya mlango wa kizazi. Nilimchukua kwa mama mkubwa, dada yake mama, anayelima viazi na ndizi kule Rungwe, nikambadilisha jina tu. Msuko ulikuwa huu: anaumwa, anaficha, anakonda, anakufa, kijiji kinalia, mchungaji anahubiri. Nikajiona nimeandika kitu kizito. Likizo ilipofika nikaenda nao mswada nyumbani na, kwa kiherehere changu, nikamsomea. Alikwisha kumaliza mionzi wakati ule. Akasikiliza mpaka mwisho huku anamenya viazi, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, mbona umeniua na mimi nina viazi shambani sijavuna?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo, kila nikisoma hadithi ya mgonjwa wa kansa natazama kitu kimoja kwanza: mwandishi kampa mhusika wake siku ngapi za kuishi? Katika miswada ya vijana wenzangu niliyopewa kuipitia, mama wa watu hafiki ukurasa wa nne.

Nadhani najua tulikojifunzia. Sisi ni watoto wa fasihi ya Ukimwi. Tuliopita sekondari za Tanzania tumeikariri Orodha ya Steve Reynolds (2006), tamthilia ya Furaha, msichana wa kijijini aliyekufa akaacha barua isomwe mazishini, nao wanaume wanatetemeka wasije wakatajwa. Kumbe orodha yenyewe ni ya mambo mengine kabisa, yale ambayo yangemwokoa. Tamthilia nzuri, siipingi. Lakini sisi wafuasi tumechukua siri na jeneza tukaiacha ile orodha, halafu tukavibandika kwenye ugonjwa mwingine. Matokeo yake mwenye kansa lazima awe aliwahi kukaa mjini, awe alikuwa na mabwana, awe ametoa mimba. Ati ndiyo chanzo!

Jamani, tusome kidogo kabla ya kuandika. Karibu kansa zote za mlango wa kizazi zinatokana na virusi vya papiloma, na virusi hivyo ni vya kawaida mno. Watu wengi wanaojamiiana huvipata wakati fulani, wanaume kwa wanawake, na mara nyingi mwili huviondoa wenyewe. Bibi aliyemjua mume mmoja tu tangu usichana wake anaweza kuugua. Tena kutoka maambukizi hadi kansa huweza kupita miaka 15 au 20, ingawa kwa mwenye VVU mambo huenda haraka zaidi. Sasa ile dhambi ya ukurasa wa pili inayolipwa ukurasa wa tatu inatoka wapi? Ni uvivu wa msuko, basi.

Kuna jambo la lugha pia, na hapa naomba msomaji asione haya. Mojawapo ya dalili za ugonjwa huu ni majimaji yenye harufu. Kiswahili chetu cha kila siku kinayaitaje? Uchafu. "Anatokwa na uchafu." Wala si neno la vijijini tu, hata wenye makoti meupe wanalitumia. Mama mkubwa aliulizwa hivyo kwenye zahanati moja, dirisha wazi, foleni nzima inasikia. Akajibu hapana. Angejibuje? Mwanamke anayefua kanga zake kila alfajiri akiri mbele za watu kwamba ni mchafu? Akapewa vidonge vya maumivu akarudi navyo nyumbani, na miezi minane ikapita. Neno moja tu hilo, nalo limemdhuru kuliko mabwana wote tunaowabuni. Kama mwandishi hana sikio la kulisikia, anatafuta nini huku kwetu? Nami katika hadithi yangu nilikuwa nimelitumia mara tatu bila kugutuka.

Rafiki yangu mmoja, mshairi, ananipinga. Anasema kumuua ndiyo uhalisia. Ni kweli wanakufa. Kwa makadirio ya mwaka 2022, Tanzania wanawake zaidi ya 10,000 waligundulika na kansa hii na zaidi ya 6,000 walikufa nayo, wengi kwa kuwa walifika hospitali wamechelewa. Lakini kuchelewa huko kuna mambo yake. Kuna nauli, kuna mume ambaye hajaruhusu, kuna mganga wa kienyeji, kuna lile dirisha lililoachwa wazi. Ukirukia kaburini umeyaruka yote, na huo uhalisia unaousifu unabaki kilio kitupu. Isitoshe, msomaji aliyetishwa vya kutosha hatakwenda kupima, atajificha vizuri zaidi. Miaka ile tuliwaita wenye VVU "marehemu watarajiwa," tukacheka. Ilichukua muda kujifunza kusema "wanaoishi na virusi." Kwa kansa bado hatujasema hivyo, angalau katika hadithi.

Ona basi niliyoyaacha nje. Safari ya basi ya zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam, amekalia mto kwa sababu ya maumivu. Mionzi pale Ocean Road siku tano kila wiki, kwa wiki kama tano, na baadaye ile ya ndani. Analala sakafuni kwa binamu Mbagala, na jioni anapiga simu kuuliza ng'ombe kakamuliwa na nani. Kwenye benchi kuna mama wa Singida na mama wa Lindi, wanataniana na kugawana maandazi, na asubuhi moja mmoja wao haonekani, hakuna anayeuliza. Kisha kurudi nyumbani. Mionzi ile inakomesha hedhi hata kwa mwanamke wa miaka 38, na tendo la ndoa huweza kuwa maumivu. Mume na mke wanazungumzaje hapo, kwa maneno gani? Sijui hadithi tajiri kuliko hiyo, na mimi niliifunga kwa "akakata roho."

Hata kule kupima kwenyewe kuna hadithi. Muuguzi anapaka siki, ndugu zangu, siki jamaa ya ile ya kachumbari, anangoja dakika moja. Panapogeuka peupe ndipo penye mashaka, na pengine panatibiwa siku hiyo hiyo kabla hapajawa kansa. Dakika hiyo moja, mwanamke amelala anatazama dari. Nani kati yetu ameiandika? Na wasichana wanaochanjwa tangu 2018, wanaambiwa nini na nyanya zao wakirudi nyumbani na mkono unauma?

Ile hadithi nimeianza upya. Nimefika pale anaposhuka basi na kapu la ndizi, hajui aelekee wapi, na siku hizi mbili nimekwama hapo. Wiki iliyopita alinitumia salamu kupitia binti yake. Anasema nisisahau kuandika kwamba vile viazi vilivunwa. Magunia matano.